Mfupa hauoti kama mchicha, washikaji!

Najua wengi wenu mkifungua ukurasa huu mnatafuta nani kamwacha nani na viatu gani viko juu mjini. Wiki hii mtanisamehe. Nipo nyumbani Bariadi, na huku kijiweni kumezuka mada moja nzito ambayo imeninyima usingizi, maana ndani yake kuna taya la mtu, kuna ng'ombe na kuna tapeli. Vitu hivyo vitatu vikikutana huku Usukumani, lazima kikao cha ukoo kiitishwe.

Mada yenyewe ni hii: eti kuna dawa inayootesha mfupa. Si kuunga mfupa uliovunjika, hapana. Kuotesha! Mfupa uliokufa kwa sababu ya mionzi ya kutibu kansa unawekewa protini fulani, halafu unachipua upya. Dereva mmoja wa bodaboda pale stendi akaapa kwamba Wajerumani walishamwotesha mtu taya mgongoni. Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Muuza kahawa akauliza, "Sasa huyo akitaka kutafuna nyama anageuka nyuma?"

Mimi sikucheka, kwa sababu nina mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mkulima wa pamba upande wa Itilima. Miaka kadhaa iliyopita alipata kansa ya mdomo. Akapelekwa Dar kupigwa mionzi, akamaliza dozi, kansa ikanywea, akarudi nyumbani na kushika jembe. Tulichinja mbuzi. Miaka mitatu baadaye jino la nyuma likaanza kumsumbua. Akaenda kwenye zahanati fulani, akang'olewa. Hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kupigwa mionzi, naye hakujua kuwa hilo ni jambo la kusema.

Tundu la jino likagoma kufunga. Wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa nne. Ukimmulika mdomoni kwa tochi unaona kitu kimekaa kama kijiwe. Ni mfupa wenyewe, uko uchi. Mzee aliyekuwa anatafuna matobolwa makavu huku anapiga soga, sasa anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo, na akimaliza anajifunika shavu kwa kitambaa kwa sababu ya harufu.

Kwa hiyo habari ya dawa ya kuotesha mfupa ilipofika nyumbani, haikuwa stori ya kijiweni tena. Mimi elimu yangu ni ya fom foo tu, tena Biolojia ilinipiga chenga, lakini nikaamua kufuatilia. Nikamsumbua daktari wa meno ninayefahamiana naye, nikasoma kila nilichokipata. Majibu ninayo. Na cha kwanza mnachotakiwa kujua ni kwamba yule dereva wa bodaboda alisema kweli tupu.

Lakini msikimbie bado. Tuanze na mfupa wenyewe.

Wengi tunadhani mfupa ni kama tofali: umechomwa, umekauka, basi. Sivyo. Mfupa una uhai. Kila siku kuna seli zinazobomoa mfupa uliochoka, na nyuma yake kuna nyingine zinazojenga mpya. Wote hao wanalishwa na mishipa midogo midogo ya damu. Ndiyo maana mtoto akianguka kwenye mwembe na kuvunjika mkono, ukimfunga vizuri mkono unaunga wenyewe.

Sasa njoo kwenye mionzi. Kansa za kichwa na shingo hupigwa mionzi kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba. Jumla yake hufika grei 60 hadi 70. Grei ni kipimo cha mionzi kama lita ilivyo kipimo cha mafuta ya taa. Mionzi inaua seli za kansa, na hiyo ndiyo kazi tuliyoituma. Tatizo ni kwamba mfupa uliopo njiani nao unakula kipigo. Seli za kujenga zinapungua, mishipa midogo ya damu inaziba pole pole, na taya la chini ndilo linaloumia zaidi kwa sababu damu inayolifikia ni haba kuliko ya taya la juu.

Mfupa wa namna hiyo ukiachwa kwa amani unaweza kukaa miaka mingi bila kelele. Ila ukiung'oa jino umeutia kidonda, na kidonda kinataka vibarua na barabara ya kuletea vifaa. Vibarua hawapo na barabara imeziba. Basi mfupa unakufa, unajitokeza nje, unatoa usaha, na hali ikizidi taya linavunjika lenyewe. Madaktari wakiona mfupa ulio wazi kwa zaidi ya miezi mitatu bila kupona, mahali palipopigwa mionzi, na wakahakikisha kansa haijarudi, wanajua ni ugonjwa huo. Na hatari hiyo haina tarehe ya kuisha. Inaweza kukufuata mwaka mmoja baada ya mionzi, inaweza kukufuata mwaka wa kumi.

Hiyo ndiyo shida ya mjomba. Sasa hii protini imetoka wapi?

Mwaka 1965 daktari mmoja wa mifupa wa Los Angeles, Marekani, anaitwa Marshall Urist, alitangaza jambo la ajabu. Alichukua mfupa akautoa madini yake kwa asidi mpaka ukabaki laini, kisha akaupandikiza ndani ya misuli ya wanyama, wakiwemo sungura na panya. Ndani ya msuli, nyama tupu! Baada ya wiki kadhaa akakuta mfupa mpya umeota humo humo. Akili ikamwambia kwamba ndani ya mfupa kuna kitu kinachotoa amri: "Jengeni mfupa hapa." Mwaka 1971 akakipa jina, ambalo kwa Kiswahili changu ni protini ya kuumba mfupa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanasayansi wakaweza kuzitengeneza protini hizo maabara, wala haikuhitajika tena kusaga magunia ya mifupa ili kupata chembe.

Msidhani ni mambo ya Wazungu kwao tu. Hapa hapa Afrika, kwenye Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg, Ugo Ripamonti na wenzake walitumia miaka mingi kuzijaribu protini hizi kwa nyani, kwenye mifupa ya fuvu na ya taya, na mfupa ukaota.

Halafu likaja lile la bodaboda. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Lancet lilieleza habari za mwanamume wa miaka 56 katika mji wa Kiel, Ujerumani, aliyekuwa amepoteza kipande kikubwa cha taya la chini kwa ajili ya kansa. Miaka minane alikuwa mtu wa vyakula laini, kama mjomba. Timu ya daktari Patrick Warnke ikampiga picha za kichwa kwa kompyuta, ikatengeneza kikapu cha waya wa titani chenye umbo la taya lililokosekana. Ndani ya kikapu wakaweka vipande vya madini ya mfupa wa ng'ombe (Msukuma yeyote hapo anatabasamu), uboho wa mgonjwa mwenyewe, na miligramu 7 za ile protini. Kikapu wakakipandikiza ndani ya msuli wa mgongo wa huyo bwana, chini ya bega. Akakaa nacho wiki saba. Kisha wakakitoa pamoja na mishipa yake ya damu, wakakihamishia usoni. Haukupita muda mrefu jamaa akala mkate na soseji.

Kwa hiyo muuza kahawa ajue, hakuna aliyetafuna kwa mgongo. Mgongoni palikuwa kitalu tu.

Lakini kwa nini walikwenda mgongoni? Si wangeweka dawa pale pale kwenye taya, biashara ikaisha? Mshikaji, hapo ndipo penye siri yote, na ukielewa hapo hakuna tapeli atakayekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ile protini haijengi mfupa. Yenyewe inapiga filimbi kama nyapara kwenye jengo. Wanaojenga ni seli zilizo hai, na zinataka damu. Ukipeleka nyapara mwenye filimbi kali kwenye kiwanja ambacho vibarua walishakufa na lori la saruji halifiki, atapiga filimbi mpaka mashavu yavimbe na ukuta hautapanda. Mahali palipoharibiwa na mionzi ndipo palivyo. Ndiyo maana Wajerumani walipeleka kazi kwenye msuli mzima wenye damu ya kutosha, wakaongeza na uboho, maana uboho ndio wenye vibarua. Wamejenga nyumba kwa jirani, wakaihamisha ikiwa imeshasimama.

Na kuna kisiki kingine, kikubwa kuliko hicho. Protini inayoamrisha seli zikue, ikisikika na seli ya kansa iliyojificha je? Hilo si jambo la kuchezea. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu moja ya protini hizi mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo, na mwaka 2007 kwa baadhi ya kazi za mfupa wa taya na meno. Lakini maelekezo yake yanakataza kuiweka karibu na uvimbe wa kansa, uwe bado upo au umeshakatwa. Wajawazito hapana, na watoto ambao mifupa yao bado inakua hapana. Mwaka 2008 mamlaka hiyo hiyo ikatoa onyo kwamba wagonjwa waliowekewa shingoni walivimba koo mpaka wengine wakashindwa kupumua vizuri. Na bei yake ni maelfu ya dola.

Mmeona utata ulipo? Anayeihitaji sana ni yule aliyepigwa mionzi kwa sababu ya kansa, na yeye huyo huyo ndiye anayeambiwa akae mbali nayo. Sayansi ipo, tena ni bomba, lakini kwa ugonjwa wa mjomba bado si dawa ya kuandikiwa leo ukaichukua kesho dirishani.

Sasa turudi Bariadi. Wakati mimi nahangaika na haya yote, bwana mmoja akatokea nyumbani kwa mjomba na kopo. Kopo kubwa, jeusi, lina picha ya jitu lenye vifua kama magunia ya pamba. Akasema hiyo ndiyo protini ya kuotesha mfupa, imetoka nje, vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, na gharama ya dozi nzima ni ng'ombe wawili. Vijana wa mjini mnaocheza na vyuma mshalijua kopo hilo. Ni unga wa protini wa jimu!

Nasema wazi ili mtu asije akatapeliwa. Protini ya kula, iwe ya kwenye kopo, maharage, dagaa, mayai au maziwa, ikifika tumboni inavunjwavunjwa vipande vidogo, mwili unaitumia kama tofali za kawaida. Mgonjwa anaihitaji, tena sana, ili kidonda kipate nguvu ya kupona. Lakini haiwezi kwenda kutoa amri kwenye taya. Ile protini ya kuumba mfupa hainywewi. Inawekwa na daktari kwa mkono wake, ndani ya chumba cha upasuaji, mahali hasa mfupa unapotakiwa. Akija mtu na kopo, na kijiko, na bei ya ng'ombe, hilo ni changa la macho.

Kikao kikaitwa chini ya mwembe. Wazee wakaniambia nieleze. Nikaeleza, bila filimbi wala Ujerumani, kwa kifupi tu. Mjomba akanyamaza sana. Kisha akasema, "Mpwa wangu, wewe ndiye uliyesoma. Ng'ombe wawili mimi siwaonei uchungu kama nitakula matobolwa tena. Niambie neno moja. Linaota au halioti?"

Nikamjibu, "Mjomba, kwa watu wachache sana, huko mbali, mikononi mwa daktari wa upasuaji, limeota. Kutoka kwenye kopo halioti."

Akatazama zizi. "Basi ng'ombe wangu nitawauzia nauli."

Na ndivyo ilivyokuwa. Aliuza mmoja. Tukapanda basi alfajiri, kilomita kama 70 mpaka Lamadi, halafu lami ya Mwanza. Jambo la kwanza walilofanya hospitali ni kukata kipande kidogo na kukipima wajue kama kansa imerudi, maana mfupa ulio wazi na kansa iliyorudi vinaweza kufanana kwa macho. Majibu yalituweka roho juu. Yalipotoka hayakuwa kansa. Shangazi alipiga kigelegele kwenye korido mpaka nesi akamwomba apunguze.

Baada ya hapo ni matibabu yasiyo na maajabu ya magazetini: dawa za kuua vijidudu, kusafisha mdomo kila siku, kuondoa vipande vya mfupa uliokufa. Taya likiwa limeharibika vibaya au limevunjika, kuna upasuaji mkubwa wa kuchukua mfupa mwembamba wa mguuni, ule unaokaa pembeni chini ya goti, pamoja na mishipa yake ya damu, na kuufanya taya. Ian Taylor wa Australia alionyesha mwaka 1975 kwamba mfupa huo unaweza kuhamishwa na mishipa yake, na mwaka 1989 David Hidalgo wa New York akautumia kutengeneza taya. Mtu anaendelea kutembea, kwa sababu uzito wa mwili unabebwa na ule mfupa mnene wa mbele. Mnaona akili ni ile ile? Usipeleke mfupa mtupu kwenye kiwanja kilichokufa. Peleka mfupa na damu yake.

Mjomba kama atafika huko, bado haijajulikana. Kwa sasa kidonda kimepungua harufu, kitambaa ameacha, ugali laini unapita. Matobolwa bado.

Lakini wapenzi wasomaji, kilichoniuma zaidi si bei ya protini. Ni kwamba taya la mjomba lingeweza kuokolewa na kitu ambacho hakifiki bei ya kuku, yaani daktari wa meno kabla ya mionzi. Anayetaka kupigwa mionzi ya kichwa au shingo akaguliwe meno yote kwanza. Yaliyooza yasiyotibika yang'olewe mapema, angalau wiki mbili au tatu kabla, vidonda vifunge wakati mfupa bado una nguvu. Baada ya mionzi, mate yanapungua na meno yanaoza upesi, kwa hiyo ni mswaki na dawa yenye floraidi kila siku, na sigara na ugoro kwaheri. Na likija kuuma jino, hata baada ya miaka kumi, neno la kwanza kumwambia daktari ni "Niliwahi kupigwa mionzi hapa," huku unaonyesha kwa kidole. Jino kama hilo si la kung'olewa na yeyote mwenye koleo. Mara nyingi linaweza kutibiwa mizizi likabaki, na likilazimika kung'olewa, kazi hiyo ni ya wanaojua.

Zamani mtu wa Simiyu akiambiwa mionzi, maana yake ilikuwa safari ya Ocean Road, Dar es Salaam, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996 kwenye hospitali ya zamani ya Wajerumani pale ufukweni. Siku hizi Bugando, Mwanza, nao wanatoa mionzi. Mashine imesogea. Basi na habari ya meno nayo isogee, ifike mpaka Meatu na Maswa.

Na tahadhari moja, maana najua maneno yakitoka hapa yanageuzwa. Si kila taya lililovimba ni habari hii. Kanda yetu ya ziwa ina kansa ya watoto inayovimbisha taya haraka, ile aliyoiandika Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Hiyo hutibiwa hasa kwa dawa za kansa na wengi hupona wakiwahishwa. Mtoto akivimba taya, hospitali leo, si wiki ijayo.

Nyie mlioko mjini, wale mnaopigiwa simu kila mwezi mtume hela nyumbani, kazi yenu ni ndogo. Kama kuna mzee wenu aliyewahi kupigwa mionzi, piga simu jioni hii umuulize meno yake yakoje. Ukisikia kuna mtu na kopo, waambie wafunge zizi kwanza.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, narudi kwenye mapenzi, kuna barua ya dada mmoja wa Shinyanga imenitoa jasho.